Mita 34 tu

Babu yangu mzaa baba alikuwa Mngazija wa Unguja, wale waliozaliwa Malindi ya mjini Unguja lakini kutwa wanasema "kwetu". Hiyo kwetu yake nimeifika Septemba iliyopita, nikiwa na miaka 37, na kilichonishangaza mwanzo ni weusi wa pwani. Mawe meusi, mchanga mweusi, hata ukuta wa msikiti mweusi pale chokaa ilipobanduka. Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, ni mlima wa moto uliotokeza baharini. Karthala una mita 2,361 juu ya maji, na ukifika ufukweni usidhani umeisha. Unaendelea kuteremka chini ya maji kwa ukali uleule.

Kazi yangu Nungwi, kaskazini mwa Unguja, ni kuwazamisha wageni kwa mitungi ya hewa, zaidi Mnemba. Bahari yetu ni ya matumbawe na mchanga mweupe, mtu akishuka mita 20 mara nyingi anaiona sakafu. Ngazidja bado kichanga kwa umri wa visiwa, matumbawe yameshika ukanda mwembamba tu kandokando. Ukivuka ukanda huo, hakuna sakafu.

Tuliondoka Itsandra kwa boti, tukaambaa kusini kupita Ikoni. Nilipewa mtungi wa chuma, ulio mzito zaidi majini, nami kwa mazoea nikafunga mkanda wa uzito, madini ya risasi kilo 6, kama ninavyofunga nyumbani na mitungi ya alumini. Miaka 12 kazini! Nikaenda chini kama nanga. Nilipokwisha kutia hewa jaketini na kutulia, kompyuta ya kuzamia niliyoivaa mkononi ilisoma mita 34, na mwenzangu alikuwa bado juu kabisa, anashuka taratibu, anatikisa kichwa.

Lakini kwa kuwa nimeshafika, nikaangalia. Ukuta wa lava una mikunjo kama uji uliofurika sufuriani ukagandia ubavuni. Katikati ya mikunjo kuna matundu, mengine ya kuingia ngumi, mengine ya kuingia mtu. Kwenye moja samaki mkunga alitoa kichwa, kinywa wazi, na nyuma yake kamba koche wawili wanachezesha masharubu kana kwamba jirani yao si mla nyama. Kundi la kolekole lilipita kwa haraka, halafu kasa mmoja asiye na haraka hata kidogo. Chini ya mapezi yangu buluu ilikuwa inageuka wino.

Humo ndani ya wino ndimo anamokaa gombesa, yule samaki wa kale ambaye wataalamu humwita coelacanth. Wataalamu waliamini samaki huyo alitoweka pamoja na madinosaria, mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili walimsubiri miaka 14, akapatikana Nzwani, kisiwa kingine cha Komoro, Desemba 1952. Wavuvi wa Komoro walikuwa wakimjua siku zote na jina wameshampa. Mwaka 1987 Mjerumani Hans Fricke aliteremka na nyambizi ndogo hapa Ngazidja akampiga filamu akiwa hai kwake. Mchana hujipumzisha kwenye mapango ya lava, mita 200 hivi, usiku hutoka kuwinda. Kwa mtungi wa kawaida mtu hamfikii. Mimi nilikuwa juu ya paa la nyumba yake, basi. (Na Tanga naye yupo, wavuvi wamekuwa wakimnasa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo tusijifanye wageni.)

Kisiwa cha Mwali, hukohuko Komoro, nilikwenda siku tatu. Hifadhi ya bahari ya huko ipo tangu 2001, na Itsamia usiku kasa wanapanda kutaga hatua chache kutoka majumbani. Nyangumi na mwanawe tuliwaona kutoka botini. Pazuri sana, lakini moyo wangu ulibaki kwenye ule ukuta mweusi.

Jioni ya mwisho nilipelekwa Singani, kijiji kilichofunikwa na lava mwaka 1977, kwa mzee mmoja mvuvi anayehusiana na babu kwa njia ambayo sikuielewa. Nikamwamkia "Kwezi", akajibu "Mbona". Mtu wa Unguja ukijibiwa hivyo unaweza kudhani umekosea. Kumbe ndiyo marahaba yao. Ndani ya galawa lake kulikuwa na rundo la mawe ya lava. Huvua usiku kwa mshipi wa mkono: jiwe hufungwa kwa fundo jepesi, likigusa mwamba analivuta kwa nguvu, jiwe linaachia, ndoana inabaki. Gombesa amewahi kumpata mara moja, zamani, akitafuta samaki mwingine. Nyama yake mafuta matupu, akasema, inaharisha.

"Na wewe mjukuu wangu, na hayo machuma yako, umeshuka kiasi gani?"

"Mita 34, bakoko."

Akanyoosha mikono, akapima hewani, midomo ikihesabu. Pima kumi na tisa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Pale mimi bado nateremsha jiwe."