Gia ya korona: ugumu nje, uvumilivu ndani

Gia iliyoletwa karakanani kwetu Pongwe, Tanga, ilikuwa imekatika meno matatu. Palipokatika palikuwa na chenga zinazomeremeta, hapana hata dalili ya kupinda. Ilitoka kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ambako mzigo wa majani huingia kwa vishindo. Aliyeichonga alitumia chuma cha kaboni ya wastani, akakifanya kigumu mpaka moyoni.

"Fundi, nitengenezee ya chuma kigumu zaidi," mteja alisema.

"Mzee wangu, ugumu utaupata, lakini nje tu."

Jino la gia hudaiwa mambo mawili yanayopingana: uso usilike, na kiini kistahimili kishindo bila kupasuka. Ugumu wa chuma kilichozimwa, yaani kilichopashwa moto kisha kikapozwa ghafla, hutegemea zaidi kaboni yake, kwa hiyo nilianza na chuma cha 20MnCr5, chenye kaboni kama asilimia 0.2 tu, nikakusudia kuongeza kaboni juu ya meno peke yake.

Meno yalipokwisha kuchongwa, niliifukia gia ndani ya sanduku la chuma lililojaa mkaa wa vifuu uliopondwa na kuchanganywa na magadi. Nikatia humo na kipande cha nondo ya chuma kilekile, kiwe shahidi wa kujaribia baadaye. Mfuniko nikaukandika udongo wa mfinyanzi. Tanuri letu liko kwenye banda lililo wazi, na naomba yeyote atakayejaribu asifanye kazi hii chumbani: gesi ya monoksidi ya kaboni itokayo kwenye mkaa inaua.

Gesi hiyohiyo ndiyo inayofanya kazi. Kwenye nyuzi 920 za Selsiasi chuma huwa katika umbo liitwalo ostenaiti, ambalo hupokea kaboni kwa wingi. Gesi huiacha kaboni juu ya jino, nayo huzama polepole. Muda wa saa nane hivi hutoa tabaka la milimita moja na ushei. Kuna mafundi wanaopandisha moto ili wamalize mapema. Siwaungi mkono, maana chembe za chuma hukua na jino hudhoofika.

Sanduku lilipopoa niliipasha gia upya pamoja na shahidi hadi nyuzi 830, kisha nikavizamisha kwenye oili. Ikipoa ghafla hivyo, kaboni haipati nafasi ya kutoka. Ostenaiti hugeuka matensaiti, umbo jingine la chuma, gumu sana na lenye ujazo mkubwa kidogo. Kwa kuwa tabaka la nje hutaka kutanuka na kiini hakiliruhusu, uso hubaki umebanwa, na ufa hupata shida kuanza pale kwenye shina la jino. Lakini matensaiti bichi huvunjika upesi, kwa hiyo siku hiyohiyo niliirudisha gia kwenye nyuzi 180 kwa saa mbili.

Shahidi nilimbana kwenye jiliwa nikampiga nyundo. Hakukatika kwa pigo la kwanza. Alipokatika, ukingo ulionekana wa chembe ndogondogo na wa kijivu, katikati kuna nyuzinyuzi za chuma kilichovutika kabla ya kuachia. Tupa mpya ikateleza juu ya meno ya gia bila kuuma.

Tundu la shafti lilikuwa limebana kidogo baada ya kuzimwa, jambo la kawaida. Nilikuwa nimeliachia nafasi ya kusaga. Sasa mteja ameagiza na gia ndogo inayoiendesha. Hiyo nitaizidishia ugumu kidogo, kwa sababu meno yake ni machache na kila moja hugongwa mara nyingi zaidi.