Krismasi ya Bajaja mjini Plzeň

Mwaka ule sikuwa na nauli ya kurudi nyumbani, basi mwanafunzi mwenzangu akanichukua kwao Plzeň, mji wa Jamhuri ya Cheki, nikale sikukuu kwa bibi yake. Wacheki Krismasi yao ni filamu za hadithi za kale. Televisheni huzirusha mfululizo, na watu wazima wenye ndevu zao hukaa wakiyatamka maneno kabla mhusika hajayasema.

Usiku bibi aliyakatiza matangazo ya televisheni, akatoa santuri ya video ya Bajaja, filamu ya wanasesere aliyoitengeneza Jiří Trnka mwaka 1950. Alimtaja Trnka kama mtu anavyomtaja jirani. Mtu mwenyewe alizaliwa mji huohuo mwaka 1912, na shuleni alifundishwa na Josef Skupa, baba wa wanasesere Spejbl na Hurvínek wanaojulikana na kila Mcheki.

Hadithi yenyewe ni ya kijana maskini wa kijijini. Mama yake amefariki, roho yake imefungwa ndani ya farasi mweupe, na farasi huyo ndiye anayemwongoza mwanawe mpaka kwenye kasri la mfalme, kupambana na joka. Mimi mama yangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Sikumwambia mtu pale sebuleni.

Farasi aliposema kwa sauti ya mama, kijana aliinamisha kichwa kidogo tu. Mwanga ukahama shavuni, kivuli kikaingia chini ya paji la uso. Nikamwona analia. Mwanasesere, macho hayapepesi, midomo haifunguki, analia!

Nikaomba turudishe nyuma. Tukarudisha, nikasogea karibu na kioo. Uso ulikuwa uleule, rangi ileile, hakuna hata chozi.

“Bibi, hapa hawakubadilisha kichwa?”

“Hapana mwanangu. Ni taa, na shingo.”

Rafiki yangu alinitafsiria yaliyobaki. Wapo mafundi wanaochonga vichwa vingi kwa mwanasesere mmoja, kimoja cha kucheka, kingine cha kununa, wakawa wanavibadilisha. Trnka hakuipenda njia hiyo. Alichora uso mmoja, macho akayaacha bila hasira wala furaha, kisha kazi yote akaiachia mwanga, mkao wa mwili na mahali kamera iliposimama. Na sekunde moja ya filamu ni picha 24. Mtu anasogeza mkono wa mwanasesere kiasi cha unywele, anapiga picha, anasogeza tena. Muziki wa Václav Trojan unabeba yale ambayo midomo haisemi.

Nilimkumbuka bibi yangu wa Pangani. Yeye alikuwa akizima kandili ili kuokoa mafuta ya taa, ndipo aseme “Paukwa!” nasi tuitike “Pakawa!” Uso wake hatukuuona. Yatima wa hadithini akifukuzwa na mama wa kambo, kila mtoto alimpa yatima yule sura aliyoijua mwenyewe. Kwa Trnka nilifanya kazi hiyohiyo, safari hii taa ikiwa inawaka. Huzuni niliyoiona kwenye shavu la kijana yule niliitoa kwangu, na naamini ndiyo maana filamu hizi hazichakai: zinamwachia mtazamaji nafasi ya kuweka chake. Katuni nyingi za siku hizi zinakukunjia nyusi na kukufurahia usoni mpaka wewe hubaki na la kufanya.

Rafiki yangu hakukubali. Alisema za kompyuta zina uhai zaidi, na wanasesere wa mbao ni mambo ya wazee. Bibi hakumjibu. Alitia santuri nyingine, ya mwaka 1949, ile ya Kaisari wa China na ndege mwimbaji, kutoka kwa Andersen, mtunzi wa hadithi wa Denmark, akamwambia amtazame Kaisari anapokuwa mgonjwa kitandani.

Saa saba za usiku zilitukuta tumeisimamisha picha, watatu sisi mbele ya kioo, tukibishana kama Kaisari ametabasamu au la. Rafiki yangu ndiye aliyeshikilia kwamba ametabasamu.