Usiku niliorudi kwa watu wa tochi

Boksi lenyewe lilikuwa halijafunguliwa tangu tuhame Mwanza, na aliyelifungua wala sio mimi, ni binti yangu alikuwa anatafuta madaftari yake, mara akaja sebuleni ameshika kitu cheusi akaniuliza baba hii nini. Ilikuwa tochi yangu ya zamani, Fenix L2D, ile ya betri mbili za AA, imechubuka mdomoni pale ilipowahi kuniangukia kwenye zege. Ilikuwa Februari 2024, tumerudi Dar tuna miezi mitatu tu, mgao wa umeme unatupiga, na nyumba nzima tulikuwa tunamulika na simu.

Nikajaribu kufungua kitako kimeganda. Nikazungusha na kitambaa, kikagoma, nikazungusha tena mpaka kikakubali, na nikaona kile kitu mtu yeyote wa tochi anaogopa kukiona: betri zimevuja, ule unga mweupe unaokwenda kwenye kijani umekamata springi yote. Niliziacha humo ndani tangu 2013. Nikachukua siki jikoni, maana kinachovuja kwenye betri za alkalini ni kama magadi makali na siki inakizimua, nikachovya pamba ya masikio nikawa nasugua taratibu, vipovu vidogo vidogo vinapanda pembeni ya springi. Nikafuta, nikakausha, nikapaka grisi kidogo kwenye oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia maji, nikaweka betri mpya. Ikawaka.

Mtoto akashangilia. Mi nikakaa nayo mkononi kimya, kwa sababu tochi ile nilikuwa nimeiacha kwa ajili yake yeye.

Ngoja nirudi nyuma kidogo. 2007 sisi wapenzi wa tochi tulikuwa wanne hapa Dar, fundi redio mmoja wa Kariakoo aliyetuzidi umri wote, mwalimu wa fizikia, jamaa mmoja wa kampuni ya ulinzi na mimi. Tumekulia kwenye tochi za Tiger Head, zile za bati za kusukuma swichi kwa dole gumba, mwanga wake una duara la njano na kiza katikati, afu mtu anakuja na kitu chenye LED ya Cree XR-E kinachotoa lumeni (kipimo cha mwanga wote unaotoka) zaidi ya 100 kwa betri mbili ndogo, we acha tu. Tulikuwa tunavuka na pantoni Jumamosi jioni kwenda Kigamboni kupima nani anafika mbali. Mgao wa 2011 ndo tulikuwa wafalme wa mtaa. Siku zile ukiniuliza tochi nzuri ni ipi nakujibu ni yenye mwanga mweupe na mkali, basi.

2012 nikahamishiwa Mwanza, 2013 huyu binti akazaliwa. Usiku wa siku yake ya tatu umeme ulikatika, mama mkwe kashika mshumaa akaniambia, baba, huyu mtoto mbona namwona wa njano? Nikachukua Fenix yangu, nikaikinga na kiganja mwanga usimpige machoni, nikammulika kifua, tumbo, miguu. Safi kabisa. Nikamwambia mama, hamna kitu, mshumaa ndo una unjano, kwenye mwanga mweupe yuko sawa. Na nilisema kwa kujiamini, maana mwenye tochi nilikuwa mimi. Asubuhi tukamsogeza dirishani kwenye jua, mtoto ni njano mpaka chini ya kitovu, hata weupe wa macho. Tulikimbia naye hospitali, akalazwa chini ya zile taa za bluu siku mbili kafungwa kitambaa usoni, akapona. Mimi niliporudi nyumbani nikaitupia tochi kwenye boksi na betri zake ndani, na jamaa wakinitumia meseji sijibu. Sikuwahi kuwaambia kwa nini.

Sasa baada ya ile siki nikampigia fundi, namba yake ilikuwa ile ile.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. We mtoto umeadimika kama wali wa daku! Jumamosi tupo ufukweni, njoo."

Nikaenda na binti yangu. Hatukuvuka na pantoni, tukapita daraja la Kigamboni lililofunguliwa 2016, mi ndo mara yangu ya kwanza kulipita usiku na lile lilinipa picha nimekuwa mbali kiasi gani. Fundi ndevu zote nyeupe. Mwalimu kastaafu. Kuna kijana wa bodaboda mgeni kwangu, mchangamfu sana. Nikauliza, na yule wetu wa ulinzi yuko wapi? Wakatazamana. Fundi akasema tulimzika 2020. Sikuzika. Walinitafuta kwa meseji zile zile nilizokuwa sijibu. Nilienda nikasimama kule kwenye maji kama dakika kumi, hakuna aliyenifuata na nawashukuru kwa hilo.

Niliporudi walikuwa wameshaanza kupima, na mwalimu anamfundisha binti yangu. Unapima laksi, yaani mwanga unaotua pale unapomulika, kwa umbali wa mita 5, unazidisha mara 25 unapata kandela, yaani ukali wa mwali wenyewe, unatoa kipeuo cha pili, unazidisha mara 2, hiyo ndo mita ambazo mwanga unafika ukiwa umebaki kama wa mbalamwezi. Ile tochi ya yule kijana ilisoma laksi 10,000. Binti akapiga hesabu kwenye mchanga na kijiti, 250,000, kipeuo 500, mara 2, kilomita moja! Fenix yangu ikasoma laksi 100, kwa hesabu ile ile ni mita 100 tu. Sheria yetu ya zamani bado ipo, hatumuliki baharini, mvuvi akiona mwanga wa ufukweni anaweza kudhani kuna mtu anaomba msaada.

Betri nazo zimebadilika, siku hizi watu wote wako kwenye 18650 na 21700, zile za lithiamu za kuchaji, nene kuliko AA. Fundi ana mizani ya dhahabu kabisa, kila betri anayouziwa anaipima, 18650 ya kweli inakaribia gramu 45 na uwezo wake hauzidi sana mAh 3,500, sasa mtu anakuletea nyepesi kama kiberiti imeandikwa 9,900. Hizo anazirudisha hapo hapo na ana haki, betri ya lithiamu mbovu inawaka moto mkononi.

Chakula kilipofika, pilau ndani ya hotipoti lililofungwa kwenye kanga ya kisutu, mwalimu akasema subiri, usifungue. Akaniambia mulika na yako. Nikamulika. Ule wekundu wa kisutu ukawa kama kutu, kama damu iliyokauka. Akatoa Convoy S2+ ndogo, tochi ya kawaida tu isiyo ya bei, ndani ina taa ya Nichia 519A, akamulika pale pale. Kanga ikaamka! Nyekundu ikawa nyekundu, weupe ukawa weupe wa pamba, binti yangu akasema "ooh" kwa sauti. Mwalimu akaeleza siku hizi watu hawabishanii lumeni peke yake, wanauliza CRI, yaani ukimulika kitu rangi zake zinatoka kwa ukweli kiasi gani ukilinganisha na jua lenye 100, zetu za zamani zilikuwa sabini na kitu, hii inapita 90.

Hapo ndo nikawasimulia habari ya mtoto. Yote, na mtoto mwenyewe kakaa pale anasikiliza, sijawahi kumwambia.

Mwalimu alikaa kimya, akachukua Fenix yangu akaniuliza unajua humu ndani kuna nini? Kuna kichipu cha bluu, kimefunikwa unga wa njano, ile bluu ikipita kwenye unga ndo unaona nyeupe. Waliobuni LED hiyo ya bluu Wajapani walipewa Nobeli 2014. Hizi za zamani bluu inazidi na wekundu ni haba, ukimulika kitu cha njano kidogo, bluu inauzima ule unjano. Na taa aliyolazwa chini yake mtoto ni jamii ya bluu hiyo hiyo, ndo inavunja ile njano kwenye damu. Tochi ilimficha, na ndugu yake akamtibu.

Fundi akasema, "Na wewe miaka yote hii ukatukimbia kwa hilo?" Sikuwa na jibu. Akamwita binti yangu, "Njoo mjukuu, nyoosha mkono," akammulika kiganja na ile Nichia, mistari ya kiganja ikaonekana yote na uwaridi wake. "Haya baba yako aone vizuri." Akanipa tochi nikashika mwenyewe.

Niliinunua kwa mwalimu usiku ule ule. Tumefika nyumbani saa sita kasoro, umeme hakuna, binti amelala kwenye siti ya nyuma kaachama. Nikaiwasha kwa mwanga wake wa chini kabisa, nikamwangalia. Rangi yake ya maji ya kunde, ufizi mwekundu, kamchanga kwenye nyusi. Nikakaa hivyo kidogo, afu nikamwamsha tukaingia ndani.