Kitufe Kilichofutika Alama

Leo baada ya sala ya Alasiri nilimpeleka mpwa wangu kwenye chumba cha gemu karibu na majumba ya Michenzani, tukacheza EA Sports FC 24, ule mpira ambao kabla ya mwaka 2023 ulikuwa ukiitwa FIFA.

Nilipewa padi kongwe.

Alama ya X kwenye kitufe cha kupigia pasi ilikuwa imefutika kabisa kwa vidole vya watu, na nilipopitisha dole gumba juu yake nilihisi ulaini wa kokoto ya pwani, nikakumbuka jioni zote nilizozimaliza hapo nikiwa skuli.

Mpwa wangu alinifunga matatu kwa moja.

Tulipotoka akaniuliza, "Mjomba, hiyo GTA VI itatoka kweli?" Nikamwambia kwamba toleo la tano la Grand Theft Auto, gemu hilo la uhalifu, lilitoka Septemba 2013, mwaka aliozaliwa yeye, na kwamba mchezo huo si wa umri wake, ingawa mimi mwenyewe ninausubiri kwa hamu kubwa.

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, nyinyi mnacheza nini siku hizi, na mnasubiri gemu gani?