Cheni yangu na mlima wa stesheni

Ukitoka stesheni ya Kigoma ukaliacha ziwa mgongoni, barabara ya Lumumba inaanza kupanda kuelekea Mwanga kabla miguu haijapata moto. Mimi hupita pale saa 12 asubuhi, siku za shule, na kwa wiki tatu mfululizo cheni ya baiskeli yangu ilikuwa ikitoka mahali pale pale. Nabonyeza gia ya mkono wa kushoto ili nishuke kutoka sproketi kubwa ya mbele (yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni) kwenda ndogo, nasikia "kra!", pedeli zinakuwa nyepesi ghafla kama nakanyaga hewa, na cheni imelala kwenye fremu, upande wa ndani, juu ya ekseli ya pedeli. Nashuka. Nairudisha kwa vidole. Naingia darasani kufundisha fizikia mikono ikiwa myeusi hadi kwenye viganja.

Baiskeli yenyewe ni ya mashindano, ya mtumba, matairi membamba, usukani wa kukunja kama pembe za kondoo. Niliinunua Dar es Salaam likizo ya Juni na nikaja nayo kwa treni, siku mbili njiani, imefungwa kwa kamba ya manila kwenye behewa la mizigo katikati ya magunia. Kumbukeni hiyo kamba. Mbele ina sproketi mbili, ya meno 50 na ya meno 34, na nyuma zimepangwa kumi. Kule Dar niliijaribu mtaani, ikabadilisha gia vizuri kabisa. Kwa hiyo ilipoanza kunisumbua Kigoma nilisema ni vumbi, ni mlima, ni mimi sijaizoea.

Kisha nikafanya kosa ambalo naona watu wengi wenye baiskeli za gia wanalifanya. Nilichukua bisibisi.

Pale kwenye ule mkono wa mbele, yaani kile chuma chenye kuta mbili kinachosukuma cheni kutoka sproketi moja kwenda nyingine, kuna skrubu mbili ndogo zilizoandikwa L na H. L inazuia mkono usiende ndani kupita kiasi, H inazuia usiende nje kupita kiasi. Cheni yangu ilikuwa inaangukia ndani, basi mantiki ikaniambia nikaze L. Nikakaza robo mzunguko. Cheni ikaacha kutoka, lakini sasa ikawa haishuki kabisa: inabaki kwenye meno 50, na mimi niko katikati ya mlima nasukuma gia nzito mpaka magoti yanalia. Nikalegeza kidogo, ikashuka na kutoka. Nikakaza nusu ya ile robo, ikawa inashuka kwa kusitasita, kisha inasugua ukuta wa ndani wa mkono kila ninapotumia gia kubwa ya nyuma. Wiki nzima nilikuwa hivyo, kaza legeza, kaza legeza. Hapakuwa na pa kati.

Hilo la kukosa pa kati ndilo lingenifungua macho, kama ningekaa nikalifikiria. Skrubu hizi hazijizungushi zenyewe. Kama baiskeli ilikuwa inabadilisha gia vizuri mwezi wa Juni na mwezi wa Julai haibadilishi, kuna kitu kimesogea, na hakielekei kuwa skrubu.

Jumamosi moja nikaipeleka kwa mzee fundi anayekaa chini ya mwembe karibu na soko la Mwanga. Kazi yake kubwa ni zile Phoenix nyeusi zinazobeba madumu ya mawese na magunia ya dagaa, baiskeli zisizo na gia hata moja. Nilisita kumpelekea yangu, nasema wazi, na nilikosea kusita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Leo umekuja na farasi."

Nikamweleza. Hakugusa bisibisi. Aliipindua baiskeli ikasimama kwa tandiko na usukani, akazungusha pedeli kwa mkono, akasikiliza. Kwanza akaishuku cheni. "Imelika hii," akasema, na mimi nikafurahi kwa sababu cheni inanunulika na shida inaisha. Tukaipima kwa futi ya chuma tuliyoazima kwa seremala wa jirani. Kila pini ya cheni ya baiskeli iko nusu inchi kutoka pini inayofuata, kwa hiyo ukihesabu nafasi 24 unapaswa kupata inchi 12 kamili, milimita 304.8. Ikizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, cheni imekwisha. Ikizidi kwa sehemu moja ya 8, jiandae kubadilisha na sproketi za nyuma, kwa sababu cheni iliyorefuka hutafuna meno mpaka yanachongoka. Yangu ilikuwa imezidi unywele tu. Hatukuishutumu tena.

Alichokuta kwenye cheni ni kitu kingine: utando mzito wa rangi ya machungwa. Kijana mmoja nyumbani alinisaidia "kuipaka mafuta" nilipokuwa safarini, na mafuta yaliyokuwa karibu ni mawese. Naomba msifanye hivi. Mawese ni ya mchicha na maharage. Kwenye cheni huganda, hukamata vumbi letu jekundu, na baada ya siku mbili una msasa unaozunguka. Mzee aliiosha kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, tukaiacha ikauke juani, tukatia tone la mafuta mepesi kwenye kila pingili, tukafuta yote yaliyobaki nje. Pingili moja ilikuwa ngumu, haikunjiki. Akaishika pande zote mbili akaipinda kushoto na kulia mpaka ikalegea. Pingili ngumu nayo inaweza kuitoa cheni kwenye meno, kwa hiyo irudisheni pedeli nyuma polepole na kuangalia kama kuna mahali cheni inaruka.

Lakini bado ilitoka. Mzee akazungusha, mimi nikabonyeza gia, kra!

Ndipo akainama akapitisha kidole gumba kwenye bomba la fremu pale mkono wa mbele ulipofungwa kwa ukanda wake wa chuma. Akaniita nitazame. Chini ya ukanda palikuwa na kipande cha rangi safi, buluu inayong'aa, upana wake kama milimita 4, wakati bomba lote lililobaki limepauka na kuchubuka. Yaani ukanda ulikuwa umekaa hapo miaka yote ukiilinda rangi, na sasa umepanda juu. "Hii imevutwa," akasema. "Ulifunga kamba wapi?"

Kamba ya manila. Niliipitisha mimi mwenyewe chini ya ule mkono na kuivuta kwenda juu hadi kwenye nondo ya behewa, kisha treni ikatikisika nayo kutoka Dar hadi Kigoma. Mkono ulipanda na ukajipinda, mkia wake ukaelekea ndani. Mkono ulio juu sana hauishiki cheni vizuri unapoisukuma. Ukiwa umepinda, sehemu moja inafika kwenye kikomo wakati nyingine bado, na ndiyo maana hakuna kiasi chochote cha kuzungusha L kilichoweza kunisaidia.

Tulivyoutengeneza nitaeleza kwa mpangilio, kwa sababu mpangilio wenyewe ndio kazi. Kwanza cheni ikae kwenye sproketi ndogo ya mbele, kisha legeza kabisa nati inayobana waya wa gia, ili waya usivute kitu. Hapa ndipo nilipokuwa nakosea: nilikuwa narekebisha skrubu huku waya umekaza, nikidhani naona kikomo kumbe naona waya. Halafu legeza ukanda kwa spana ya pembe sita, ile iliyopinda kama herufi L, shusha mkono, usukume kwa kidole mpaka ukuta wa nje uwe juu ya sproketi kubwa, na utazame nafasi kati ya ukingo wa chini wa ukuta huo na ncha za meno. Inatakiwa iwe kati ya milimita 1 na 3. Sisi tulitumia sarafu ya shilingi 200, ikapita kwa kubanwa kidogo. Kisha simama juu yake, tazama kwa jicho moja kama fundi ujenzi anavyotazama ukuta: ukuta wa nje wa mkono uende sambamba na sproketi. Kaza. Tazama tena, kwa sababu wakati wa kukaza hujizungusha. Tulirudia mara nne.

Sasa ndiyo zamu ya skrubu. Weka cheni kwenye ndogo ya mbele na kubwa kuliko zote nyuma, kaza au legeza L mpaka kati ya cheni na ukuta wa ndani pabaki nusu milimita. Mimi nilipima kwa karatasi tano za mtihani zilizopangwa pamoja. Vuta waya kwa koleo, ubane nati. Panda kwenye sproketi kubwa ya mbele na ndogo kuliko zote nyuma, fanya vivyo hivyo na H kwa upande wa nje. Imekwisha. Mzee akabonyeza gia mara ishirini, akihesabu kwa sauti, na cheni ikapanda na kushuka bila kelele.

Kama yako inatokea nyuma, ikaingia kati ya sproketi kubwa na spoku, usiendelee kuiendesha hata hadi dukani. Gurudumu linaweza kujifunga ukiwa kwenye mwendo. Mara nyingi kile kipande kinachoshikilia mkono wa nyuma kimepinda baada ya baiskeli kuangukia upande wa kulia, na hapo pia skrubu haitanyoosha chuma. Mwalimu mwenzangu naye alikuwa na tatizo linalofanana na langu, ila cheni yake ilitoka anapoacha kupiga pedeli kwenye mteremko wa kwenda Ujiji. Kwake ilikuwa fliwili, yaani kile kifaa cha nyuma kinachoacha gurudumu lizunguke pedeli zikiwa zimetulia: imejaa grisi kavu na mchanga, inaisukuma cheni mbele badala ya kuiacha itulie, na cheni inalegea juu.

Jambo moja limebaki ambalo si la fundi, ni la mwendeshaji. Nilikuwa nasubiri hadi mlima unishike koo ndipo nibadilishe gia, huku nimekandamiza pedeli kwa uzito wangu wote na nyuma niko kwenye sproketi ndogo kabisa, ambako cheni imelegea zaidi. Siku hizi nikipita geti la stesheni tayari nimehamia katikati kwa nyuma, nalegeza mguu kwa nusu mzunguko, nabonyeza, kisha nakanyaga tena. Na ikitokea imetoka ndani, usikimbilie kushuka. Kama baiskeli bado inatembea, bonyeza gia ya kupanda sproketi kubwa na uzungushe pedeli taratibu sana. Mara nyingi hujirudisha yenyewe. Ikigoma, usilazimishe.

Mzee alikataa kuchukua zaidi ya bei anayotoza kuziba pancha. Nikaondoka pale saa tisa alasiri, nikateremka hadi stesheni, nikageuza na kupanda tena hadi kwake. Alikuwa amekwisha kupindua Phoenix ya mtu mwingine. Nikanyanyua mkono mmoja, mweupe, bila doa, na yeye akanyanyua wake mweusi.