Taulo la Mserbia

Kutoka katikati ya jimbo la Kansas hadi Mobile, Alabama, ni kilomita 1,400 na ushee, na chuo chetu ni kidogo, hakina hela ya kuipandisha ndege timu ya tenisi. Tulikwenda kwa gari la chuo la siti kumi na mbili: wachezaji wanane, kocha, mabegi ya raketi, katoni za maji, na boksi la barafu lililokaa mahali ambapo miguu yangu ilitakiwa kukaa. Mimi ni mrefu. Nimepanda mabasi ya Dar kwenda Mwanza tangu nikiwa mtoto, na sijawahi kushuka magoti yakiniuma kiasi kile.

Kila Machi timu za majimbo ya baridi hukimbilia kusini. Kansas mwezi huo bado ni upepo na theluji ya hapa na pale, na tangu Januari tunakuwa tumejifungia kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu, juu ya sakafu ya mbao ambako mpira unateleza badala ya kudunda. Likizo ya Machi ikifika, wanafunzi wengine wanakwenda kuota jua ufukweni, sisi tunakwenda kutafuta mechi.

Safari hiyo tulikuwa hatujapoteza mechi tangu Februari, na hapo ndipo penyewe. Timu inayoshinda haitaki kitu chochote kiguswe. Mbrazili wetu alikuwa hajafua soksi zake za mechi kwa wiki kadhaa, na ukimuuliza anakutajia Serena Williams, ambaye anajulikana kwa kuvaa soksi zile zile mashindano mazima na kudundisha mpira mara tano kabla ya servisi ya kwanza, mara mbili kabla ya servisi ya pili. Mhispania anapanga chupa zake mbili mbele ya kiti lebo zikitazama uwanjani, kama alivyokuwa akifanya Rafael Nadal, bingwa wa tenisi wa kwao, na hakanyagi mstari hata akiwa anakwenda tu kuokota mpira. Nahodha, kijana wa hapo hapo Kansas, anavaa kiatu cha kushoto kwanza. Ukimsemesha wakati anavaa, anavua anaanza upya. Kocha ni mtu mzima, ana shahada mbili, na anaegesha gari uso ukitazama njia ya kutokea, hata kama itabidi azunguke maegesho mara tatu. Ndani ya gari kila mtu ana siti yake. Ndiyo maana magoti yangu yalikaa na boksi la barafu hadi Alabama: nilikuwa nimekaa hapo siku tuliyoanza kushinda.

Mserbia ana taulo. Ni kitaulo cha mkono, chekundu kilichopauka hadi kuwa rangi ya tofali, na pembeni kimekunjwa na kushonwa kwa uzi mweupe, mishono mifupi mifupi isiyolingana. Kwenye kona moja kuna herufi mbili za jina lake. Bibi yake alizishona macho yakiwa yameshaanza kumwishia, na herufi ya pili imelala upande. Wachezaji wakibadilishana upande, Mserbia anakaa, anajifunika kitaulo hicho kichwani mpaka shingoni, na huwezi kumwambia neno mpaka akitoe mwenyewe. Nacho kilikuwa hakijafuliwa tangu Februari.

Mimi husema Bismillahi na kutanguliza mguu wa kulia ninapoingia uwanjani. Wenzangu waliihesabu kuwa ndiyo bahati yangu, kama chupa na soksi zao, na jambo hilo lilinikera kuliko nilivyotarajia. Niliwaambia naisema pia nikianza kula, na chakula hakina mshindi. Waliitikia kwa heshima, lakini siku moja niliingia uwanjani haraka, nao wote wakanitazama miguu.

Oklahoma na Arkansas nitaziruka. Tulilala njiani, tukala kwenye migahawa ya barabarani, na posho ya dola 15 kwa mlo ikawa inaishia kwenye sahani moja ya kuku, kwa sababu bei iliyoandikwa ukutani siyo unayolipa. Kuna kodi juu yake, halafu bahashishi ambayo hakuna anayekulazimisha, ila usipoiacha unatazamwa. Kwa hela ya kuku yule, nyumbani ningekula wiki nzima kwa mama ntilie, na samaki ningeongezewa.

Jioni ya siku ya pili, nje kidogo ya mji wa Hattiesburg, Mississippi, tulisimama kwenye sheli kujaza mafuta na kuchimba dawa. Tukaendelea. Kama saa mbili usiku tukafika Mobile, moteli ikatudai amana ya dola 100 kwa kila chumba na ada ya kuegesha gari ambayo haikutajwa wakati wa kuweka nafasi. Kocha alikuwa bado anabishana mapokezi pale Mserbia alipomwaga begi lake lote sakafuni.

Taulo halikuwepo.

Nimewahi kuona watu wakipoteza pasi za kusafiria kwa utulivu zaidi. Alikaa kitandani, mikono juu ya magoti, akasema alilitundika kwenye ndoano ya msalani kule sheli wakati ananawa uso. Hakulia wala hakulalamika. Akasema tu kwamba bibi yake alifariki mwaka aliokuja Marekani, na tiketi ya kurudi kumzika ilimshinda.

Mhispania ndiye aliyeitafuta namba ya simu ya ile sheli kwenye risiti ya mafuta. Simu iliita sana. Hatimaye akapokea mwanamke, sauti ya mtu mzima, akasikiliza maelezo yetu yote, akasema: "Kipo. Ninacho mimi. Ninatoka kazini saa nne."

Ilikuwa imebaki kidogo saa tatu itimie, na Hattiesburg ni kama kilomita 150. Mechi ilikuwa saa nne asubuhi. Kocha alivua kofia, akajikuna, akatoa ufunguo. Nahodha ndiye peke yake miongoni mwetu aliyekuwa na kibali cha chuo cha kuendesha gari lile, na sheria ni kwamba usiku dereva asiwe peke yake. Mafuta, akasema kocha, ni juu yenu. Tukachanga dola tano tano. Mserbia alitaka kuja, kocha akamkatalia akamwambia alale. Nikaenda mimi.

Barabara ile inapita kwenye misonobari mirefu pande zote mbili, giza tupu, taa chache. Nahodha aliniuliza kama ni kweli Afrika watu wanarogana michezoni. Nilimsimulia yanayojulikana: timu kubwa za Kariakoo, Simba na Yanga, kuingia uwanjani kwa mlango usio rasmi au kukwepa vyumba vya kubadilishia nguo, Bodi ya Ligi kutoza faini, na ile kamati ya ufundi ambayo kila shabiki anaijua na hakuna kiongozi anayekiri kuwa mjumbe wake. Alisikiliza vizuri sana. Halafu akasema: "Na sisi tuko barabarani usiku kwa ajili ya taulo."

Nimelifikiria sana jambo hilo tangu usiku ule. Nilipokuwa naokota mipira pale Gymkhana, Dar es Salaam, kabla sijashika raketi yangu mwenyewe, jioni nilikuwa nacheza chandimu kwetu Temeke. Timu yetu ya mtaa ilikuwa na kipa, rafiki yangu, mtoto mpole. Tulipofungwa mfululizo, ikasemwa kwamba mganga ameonyeshwa mtu wa ndani. Wakamnyooshea kidole yeye. Walimkagua soksi mbele ya watu, wakapekua begi lake, wakakuta nepi ya mdogo wake aliyekuwa anatumwa kumlea, na hiyo ikawa ushahidi. Hakurudi tena uwanjani. Hela waliyochanga kwa mganga ingetosha nyavu za magoli yote mawili.

Hicho ndicho ninachokiona kibaya. Woga wa kabla ya mechi nimeukuta Kansas kama nilivyouacha Temeke, uko kwa mtu mwenye shahada mbili na kwa kijana asiyefua soksi. Lakini katika miezi yote niliyokaa na timu hii sijasikia mtu akisema mwenzake ndiye mkosi. Kila mmoja anabeba lake, na wengine wanamsaidia kulibeba, hata kama wanaliona la kitoto. Nahodha haamini taulo lina nguvu. Aliniambia hivyo akiwa ameshika usukani.

Tulifika saa tano kasoro robo. Ndani ya sheli alikuwa kijana mwingine, hajui lolote. Kabla hatujakata tamaa, gari dogo la kijivu lililokuwa pembeni likawasha taa. Alikuwa ametusubiri. Mama Mmarekani mweusi, umri wa shangazi zangu wakubwa, sare ya kazi bado mwilini, miguu ameivua viatu kwa uchovu. Kidogo shikamoo initoke.

Alitoa mfuko wa karatasi. Ndani yake kulikuwa na kitaulo, kimekunjwa pembe nne, safi. Kilinukia sabuni ya maji ya mikono.

Nahodha alinitazama, nami nikamtazama.

"Kilikuwa kinanuka, wanangu," mama akasema. "Nilitaka kukitupa. Nikaona huu mshono. Hii si mashine, huyu ni bibi wa mtu. Nikakifua pale kwenye sinki, nikakikausha kwenye mashine ya kukaushia mikono." Akakigeuza akatuonyesha ile herufi iliyolala. Uzi ulikuwa unafumuka kwenye kona. Alikuwa ameukaza kwa mishono mitatu ya uzi mweusi, kwa sababu mweupe hakuwa nao.

Nahodha alijaribu kumpa dola ishirini, akakataa. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania. "Mama yako anajua kwamba uko barabarani saa hizi?" Nikamwambia kwa mama saa hizi kumekucha, yuko jikoni na chai. "Basi mpigie," akasema, kwa namna ambayo sikuona pa kukatalia. Nikapiga. Mama alishtuka, akadhani kuna msiba. Nikamweleza. "Taulo? Mmesafiri usiku huu kwa taulo?" Nikamwambia ni la marehemu bibi yake. Akanyamaza kidogo. "Ah. Basi mmefanya vizuri. Nipe huyo mama." Wakasalimiana pale, mmoja kwa Kiingereza cha Mississippi, mwingine kwa Kiswahili cha Temeke, muda mrefu kuliko salio langu lilivyoweza, na kila mmoja alikuwa anaitikia. Niliposhika simu tena, mama aliniambia nimfikishie kwamba Mungu amweke. Nikamfikishia.

Njiani kurudi nahodha alikuwa na wazo. Tukisugue taulo chini ya siti, tulifutie jasho, lirudi na harufu yake, Mserbia asijue. Nilimkatalia. Mtu amefua kitu chako kwa mikono yake, amekishona, amekusubiri baada ya zamu nzima ya kusimama; huwezi kuificha heshima hiyo kwa kupaka uchafu. Tulibishana hadi mpaka wa Alabama.

Saa saba usiku Mserbia alikuwa macho. Nilimpa mfuko nikamwambia kila kitu, pamoja na sabuni. Alikinusa. Akaigusa ile mishono mitatu myeusi kwa kidole gumba, mmoja mmoja, akauliza jina la yule mama, akaliandika kwenye simu yake. Kisha akalala, taulo likiwa chini ya mto.

Asubuhi tulicheza kwenye kituo cha tenisi cha jiji, chenye viwanja 60 vya sakafu ngumu. Sijawahi kuona viwanja vingi hivyo mahali pamoja. Unasikia mipira ikipigwa upande ambao huoni mwisho wake. Tenisi ya vyuo Marekani ni ya kelele, jambo ambalo lilinitisha nilipofika. Nilifundishwa kwamba tenisi ni mchezo wa kunyamaza, lakini hapa wenzako wanakupigia kelele kutoka viwanja vya jirani. Timu inashindania pointi saba: mechi tatu za wawili wawili zinatoa pointi moja kwa atakayeshinda mbili, halafu mechi sita za mmoja mmoja, kila moja pointi yake. Wa kwanza kufikisha nne ameshinda.

Wawili wawili tulipoteza. Mserbia, uwanja wa nne, alimaliza kabla ya wote, seti mbili, mpinzani hakupata hata gemu tano kwa jumla. Nilimwona akijifunika taulo lake safi kichwani kama kawaida. Mimi nilishinda, nahodha akashinda. Mbrazili na mwenzetu wa uwanja wa sita walipoteza. Tatu kwa tatu, akabaki Mhispania, uwanja wa kwanza, seti ya tatu. Vyuoni hakuna kusubiri faida, yaani kulazimika kushinda pointi mbili mfululizo ndipo uchukue gemu. Ikifika 40 kwa 40, pointi moja inaamua gemu. Akiwa nyuma tano kwa nne, ikafika 40 kwa 40, mpira wake ukagonga ukingo wa juu wa wavu, ukarudi upande wake. Chupa zake zilikuwa zimepangwa sawasawa.

Garini Mbrazili alisema ni sabuni. Alisema kwa sauti ya chini, ila alisema. Nikasikia tumbo langu likikaza, nikakumbuka begi la yule kipa. Nahodha akageuka kutaka kujibu, Mserbia akamtangulia: "Mimi nimeshinda." Mbrazili akafikiri, akasema ni kweli, samahani. Yakaishia hapo.

Usiku ule soksi zote zilifuliwa. Mashine za moteli zinakula sarafu, kufua bei yake na kukausha bei yake, na chenji ukaombe mapokezi ambako wanakuambia hawana. Nilihama siti pia, na boksi la barafu akapewa mwenye miguu mifupi. Mechi zilizobaki za safari tulishinda baadhi na kupoteza baadhi.

Tuliporudi Kansas, Mserbia alinunua fulana ya timu, tukaisaini wote na kocha, akaituma Hattiesburg, kwa anwani ya ile sheli. Posta walimtoza zaidi ya posho ya mlo mmoja. Alilipa bila kuuliza, akaweka na uzi mweupe ndani ya kifurushi.