Nilivyohangaika na rimu na matairi ya Impreza yangu

Gari lilianza kugoma pale nyumbani, Goba, wakati wa kukata usukani wote kuingia getini. Linashtuka kama mbuzi anayevutwa kamba, linaachia, linashtuka tena. Barabarani halina neno. Ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, turbo, gia za mkono, niliyoinunua hapa hapa Dar kwa mtu ambaye matunzo yake yote yalikuwa kuiosha. Fundi wa kwanza alisikiliza mara moja akatikisa kichwa: giaboksi hiyo. Akanitajia na bei ya giaboksi ya mtumba kabla sijazima gari.

Sikuwa na hela ya giaboksi, ndiyo sababu nikaenda kwa fundi wa pili, mzee mmoja wa Gerezani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu kata usukani wote, zunguka hapo taratibu."

Nikazunguka. Boneti hakuigusa. Akachuchumaa kwenye tairi la nyuma, akalifuta vumbi kwa kiganja, akaniita. "Mwanangu, nisomee hapa, macho yangu yamechoka." Nikasoma: 205/50R17. "Haya, njoo na mbele." Mbele kumeandikwa 215/45R17. Nimeliendesha gari hilo miezi saba sijawahi kusoma maandishi hayo hata siku moja.

Akamtuma kijana wake kwa fundi cherehani wa jirani akaazime futi. Wakapiga jeki, wakazungushia futi kwenye tairi, na kwa kuwa futi ya cherehani inaishia sentimita 150, wakaweka alama ya chaki wakaendeleza. Nyuma: sentimita 199. Mbele: 195 na nusu. "Giaboksi yako nzima," mzee akasema. "Unaitesa tu."

Alivyonieleza ndivyo ninavyoeleza na mimi sasa kwa kila anayenunua Subaru. Gari hili linavuta kwa matairi yote manne, na katikati kuna difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Kwenye WRX ya gia za mkono, difu hiyo ya kati ina kifaa chenye kimiminika kizito kinachokaza pale mbele na nyuma zinapozunguka kwa kasi tofauti. Kimetengenezwa kukaza kwa muda mfupi, tuseme tairi moja likiteleza kwenye tope. Kwangu matairi ya mbele, kwa udogo wake, yalikuwa yanazunguka haraka kuliko ya nyuma kutoka Goba mpaka Posta na kurudi, kila siku. Kifaa kinapata joto, kinakaza, na ukikata kona kali gari linagoma. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Mimi nilikuwa na 35. Kwa hesabu ya haraka, robo inchi ya mzingo ni kama milimita moja tu ya kina cha kashata, yaani yale meno ya tairi yanayokanyaga barabara. Kwa hiyo habari ya "weka mawili mapya mbele, nyuma utamalizia mwezi ujao" kwa gari hili haipo. Manne, ya aina moja, siku moja.

Ingekuwa matairi tu ningemaliza wiki ileile. Lakini walipoyavua, rimu mbili zikaonekana zimepinda kwa ndani, upande ambao ukisimama pembeni ya gari huuoni, na ya tatu ina ufa uliochomelewa kisha ukapigwa rangi. Mzee akasema hiyo ya kuchomelewa nisiendeshe nayo hata mpaka Chalinze. Hapo ndipo tamaa ilipoingia, maana mtu akishaambiwa anahitaji rimu mpya, anaanza kuona rimu za sipoti usingizini.

Kosa langu la kwanza lilinigharimu. Nilikuwa nimejua kitu kimoja tu, PCD: WRX yangu ina boliti tano kwenye duara la milimita 100, watu huandika 5x100. Nilijua pia mtego wa STI, ndugu yake WRX mwenye nguvu zaidi, kwamba STI za kuanzia toleo la 2005 zilihamia 5x114.3 wakati WRX ya kawaida ikabaki 5x100, kwa hiyo nikajiona mtaalamu. Nikakuta seti ya rimu za Toyota Caldina ile ya turbo, inchi 17, 5x100, safi, shilingi 550,000. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hizo zinaingia kama za kwako." Akanipa na nati zake, za bure.

Hazikuingia. Matundu ya boliti yalikaa sawa kabisa, lakini rimu ikakataa kugusa habu, kile chuma cha gari kinachobeba rimu. Tundu la katikati la rimu hizo za Toyota ni milimita 54.1, na kitovu cha habu ya Subaru ni 56.1. Milimita mbili. Ukiziangalia kwa macho hata huzioni. Kijana wa gereji alidhani ni kutu, akachukua nati ili aikaze rimu mpaka ijivute yenyewe. Nati ikaenda mizunguko miwili ikagoma. Akaanza kutafuta bomba la kurefushia spana. Bahati nilikuwa nimesimama pale pale nikamzuia: nati za Toyota zina nafasi ya milimita 1.5 kati ya uzi na uzi, za Subaru 1.25, unene wa boliti ni uleule 12. Kwa mbele zinafanana kama mapacha. Ungelazimisha, boliti ya habu ndiyo ingekufa.

Nikaambiwa zipo njia, tundu linaweza kupanuliwa. Kukereza milimita moja kila upande si kazi ya ajabu kwa mtu mwenye mashine ya kukereza vyuma. Nikapelekwa kwa huyo mtu. Alikuwa na grenda ya mkononi. Nikasema asante, nikabeba rimu zangu. Tundu likienda kombo hata kidogo, rimu inazunguka nje ya kitovu chake na usukani utatetemeka mpaka uchoke, na hakuna balansi itakayolisaidia.

Baada ya hapo mzee wa Gerezani alichukua kipande cha boksi, akaniandikia kwa kalamu ya fundi seremala: 5x100. 56.1. 17x7. ET55. Uzi 12x1.25. "Nenda na hiki. Mtu akikuambia zinaingia, mwambie aonyeshe namba." Boksi hilo nililiweka kwenye dashibodi wiki tatu.

Hiyo ET ndiyo iliyonichanganya zaidi, na ndiyo wauzaji wengi wanaipuuza. Kila rimu ina uso unaokaa kwenye habu. Pima kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka kwenye uso huo, kwa milimita, unapata ofseti, ndiyo hiyo ET, na mara nyingi imeandikwa nyuma ya rimu au nyuma ya mkono wake mmoja. Subaru zina ofseti kubwa, yaani rimu inaingia ndani sana. Rimu nyingi za sipoti nilizoonyeshwa zilikuwa na upana wa inchi 8, wakati yangu ni 7, na ET35. Piga hesabu: nusu inchi inaongezeka nje, na 20 za ofseti zinaongezeka nje, jumla kama milimita 33. Gari litasimama kama mcheza mieleka, watu watageuka, halafu ukipita tuta na abiria wawili nyuma utasikia tairi linakwangua madigadi. Beringi nazo zinabeba mzigo kwa namna ambayo hazikupangiwa. Upande wa pili kuna anayekuuzia rimu ya ET kubwa kupita yako, ikagusa shokapu kwa ndani, akakuambia weka spesa, kipande cha kuitenga rimu na habu. Spesa nzuri zipo. Zile nilizoonyeshwa mimi zilikuwa bati nene lenye matundu.

Nilitamani pia inchi 18. Nani hatamani? Lakini ukipanda rimu lazima ushushe unene wa tairi ili kimo kibaki palepale. Ubavu wa 215/45R17, yaani asilimia 45 ya upana wa milimita 215, ni kama milimita 97. Ukienda 215/40R18 unabaki na 86. Barabara ya kwangu, ukiacha lami, ina mawe ambayo mvua ya masika huyafukua kila mwaka, na hizo milimita 11 ndizo mto wa rimu. Ningekuwa na busara kamili ningeshuka inchi 16 na 205/55, ubavu wa 113, nipite mashimo nikicheka. Lakini gari ni WRX. Sikuweza.

Mwisho nilipata rimu za Legacy ya turbo, zile za kizazi cha 2003 kuendelea. Zinatoka kiwanda kilekile: 17x7, 5x100, ET55, tundu 56.1. Shilingi 700,000. Hazina mvuto wowote, za fedha, mikono ya kawaida. Nilikubaliana na muuzaji kwamba silipi mpaka zipande kwenye mashine ya balansi bila matairi. Tukaziangalia zinavyozunguka, jicho kwenye ukingo wa ndani. Tatu zilinyooka. Ya nne ilicheza kidogo, akaibadilisha bila ubishi, kumbe alikuwa na nyingine nyuma ya duka. Nikapitisha kidole ndani kote kutafuta mshono wa kuchomelea chini ya rangi.

Matairi hayakunichukua muda mrefu, kwa sababu hapo sikuwa na tamaa, nilikuwa na woga. Mtumba nilikataa. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT, kuna namba nne: mbili za wiki, mbili za mwaka. Nilionyeshwa "mapya kabisa, angalia kashata" yaliyoandikwa 3412, yaani wiki ya 34 ya mwaka 2012. Kashata ni nzima kweli, lakini ukikandamiza ukucha unahisi umegusa soli ya kiatu cha shule. Tairi kama hilo likikutana na lami yenye maji huko Mkata, utajua mwenyewe. Ya Kichina yalikuwa 170,000 kila moja, na sisemi yote ni mabaya. Nilichukua Yokohama, 320,000 kila moja, 91W: 91 ni uwezo wa kubeba kilo 615 kila tairi, W ni mwendo wa mpaka kilomita 270 kwa saa. Huo mwendo siuhitaji, na trafiki wa Segera hataki kuusikia, ila tairi la daraja hilo hutengenezwa listahimili joto. Niliona afadhali rimu ya kawaida na tairi la maana. Mtaani naona wengi wanafanya kinyume.

Siku ya kufunga nilinunua nati za Subaru, nikazizungusha zote kwa vidole mpaka mwisho kabla ya spana kugusa. Fundi wa upepo akataka kujaza 40, anavyojazia kila gari. Nikamwonyesha kibandiko cha mlango wa dereva. Kimeandikwa Kijapani lakini namba ni namba: ukiona 230 kPa, gawa kwa 6.9, ni PSI 33. Wiki iliyofuata nikaenda Moshi, na Chalinze nikasimama kukaza nati upya. Mbili zilikubali robo mzunguko.

Za Caldina nilimuuzia jirani mwenye Toyota Wish kwa 450,000. Kwake ziliingia bila shida.

Jioni ile niliyorudi na gari kutoka kufunga, mama watoto alitoka nje akazunguka. "Hela yote hiyo, mbona zinafanana na zilezile?"

Nikampa ufunguo, nikamwambia akate usukani wote aingize gari getini. Akaingiza.

"Enhe? Kwa hiyo?"

"Hakuna," nikamwambia. "Ndiyo hivyo."